Wilhelm Steinitz na Maaskofu Wawili

Mtu akipita jioni mahali wanapokaa wazee wakicheza bao, ataona jambo ambalo mgeni wa mchezo hudhani ni kosa. Mchezaji hodari huacha kete zake ziliwe. Hazikimbizi wala hasikitiki, bali hutazama tu, na pengine hutabasamu. Baada ya zamu mbili tatu ndipo mgeni huyo hutambua kwamba kete zile zilikuwa chambo, na aliyekula sasa analiwa yeye.

Jambo hili la kutoa ili kupata limo pia katika sataranji, mchezo ambao vijana wa Afrika Mashariki wameanza kuupenda sana. Ng'ambo ya ziwa letu, katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, binti Phiona Mutesi alijifunza mchezo huu katika umaskini mkubwa, hata mwaka 2010 akaichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji kule Urusi. Lakini leo nataka kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari za mtu wa zamani zaidi, aliyekufa zaidi ya miaka 120 iliyopita, ambaye ndiye aliyewafundisha watu kufanya hesabu ya utoaji huo. Jina lake ni Wilhelm Steinitz.

Kwanza ni lazima nieleze kidogo kwa ajili ya wazazi na wengine ambao hawajaujua mchezo. Ubao wa sataranji una miraba 64, nusu myeupe na nusu myeusi. (Bao nalo lina kete 64, lakini huo ni mfanano wa hesabu tu.) Kila mchezaji huanza na mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na vitunda vinane. Huyu askofu ni jina la Wazungu. Waarabu humwita tembo, na Warusi vivyo hivyo mpaka leo. Katika hesabu ya kawaida kitunda ni 1, farasi ni 3, askofu ni 3, ngome ni 5, malkia ni 9. Mfalme hana bei, kwa sababu akifungwa mchezo umekwisha.

Sasa tazameni askofu. Yeye huenda kwa mshazari tu, na kwa hiyo akizaliwa katika mraba mweupe atakufa katika mraba mweupe. Nusu nzima ya ubao haimhusu. Farasi huruka huku na huku na kukanyaga rangi zote mbili, na kwa sababu hiyo wanaoanza kujifunza humpenda farasi na kumbadilisha askofu bila huruma, wakihesabu kwamba tatu kwa tatu ni sawasawa. Lakini maaskofu wawili wakiwa pamoja, mmoja huziba upungufu wa mwenziwe. Mweupe na mweusi hutazama ubao mzima, kutoka pembe hata pembe, na bei yao huzidi sita. Je, huzidi kwa kiasi gani? Na mtu akubali kulipa nini ili awe nao wawili hali adui amebaki na mmoja au hana? Maswali haya ndiyo yaliyomshughulisha Steinitz.

Alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 1836 mjini Prague, katika mtaa wa Wayahudi. Baba yake alikuwa mshonaji wa nguo mwenye watoto wengi na fedha chache. Mtoto huyu alifundishwa vitabu vya dini ya Kiyahudi, na sataranji aliijua akiwa na umri wa miaka 12. Alikuwa mfupi wa kimo, na mguu wake mmoja ulikuwa na kilema, ambacho kilizidi kumtesa uzeeni. Mwaka 1857 alitoka Prague akaenda Vienna kusoma hesabu katika chuo cha ufundi. Masomo hayo hayakufika mwisho. Fedha ilikuwa haba, na mchezo ulikuwa umekwisha kumteka. Akawa anapata chakula chake kwa kucheza sataranji ya dau katika nyumba za kahawa. Wazazi wasiniwie vibaya, simsifu kwa kuacha shule. Nasimulia yaliyotokea.

Mwaka 1861 alishinda mashindano ya Vienna kwa kupata pointi 30 kati ya 31, na watu wakampa jina la Morphy wa Austria, kwa kumfananisha na Paul Morphy, kijana wa Kimarekani aliyekuwa ameishangaza Ulaya miaka michache nyuma. Mwaka uliofuata, 1862, alipelekwa London kwa niaba ya Austria katika mashindano makubwa. Alipata nafasi ya sita tu, lakini mchezo wake na Mongredien ulipewa tuzo ya uzuri. Humo Steinitz aliitoa ngome yake kwa hiari ili kuufungua ukuta uliomficha mfalme wa mwenziwe, na baada ya hapo ukuta haukuzibika tena.

Hivyo ndivyo watu wa siku zile walivyopenda. Mchezaji mwenye heshima alitoa vitunda vyake mapema, akatoa farasi, akatoa ngome, akamrukia mfalme. Na adui mwenye heshima alipokea kila alichopewa. Aliyekataa alionekana mwoga. Steinitz aliyacheza hayo vizuri kuliko wengi. Hata mwaka 1866, alipopambana na Adolf Anderssen, Mjerumani aliyehesabiwa kuwa mkuu wa wachezaji wote baada ya Morphy kuacha mchezo, walicheza michezo 14 bila sare hata moja: Steinitz akashinda 8 na Anderssen 6. Kuanzia siku hiyo wengi walimwona kuwa wa kwanza duniani.

Basi mtu wa namna hiyo, aliyepata sifa zote kwa njia moja, angefanya nini? Wengi wetu tungeendelea na njia hiyo hiyo. Steinitz aliiacha.

Mwaka 1873 alirudi Vienna, wakati wa Maonyesho ya Dunia, kushiriki mashindano makubwa yaliyofanyika huko, naye akaanza kucheza kwa namna ambayo watazamaji hawakuielewa. Hakukimbilia mfalme. Alipopewa kitunda alikipokea, akajikunja, akalinda. Alikusanya faida ndogo ndogo kama bibi anavyookota karanga zilizosalia shambani baada ya mavuno: mraba mmoja dhaifu hapa, kitunda kisicho na mlinzi pale, na juu ya yote, maaskofu wawili. Alishinda mfululizo michezo 16 ya mwisho, pamoja na miwili ya kuamua kati yake na Blackburne wa Uingereza, akachukua nafasi ya kwanza.

Katika mashindano hayo upo mchezo mmoja ambao walimu wa sataranji hawaachi kuuonyesha. Adui yake alikuwa Rosenthal, naye Steinitz alikuwa na kete nyeusi. Farasi wake alikwenda pembeni kabisa mwa ubao, mahali ambapo vitabu vinatukataza kumpeleka farasi, kisha akaruka kuja katikati, na huko akabadilishwa na askofu mweupe wa Rosenthal. Kwa hesabu ya kawaida ni tatu kwa tatu. Lakini sasa Steinitz alikuwa na maaskofu wawili, na Rosenthal alikuwa na askofu mmoja na farasi mmoja. Yaliyofuata ni kama kazi ya mchungaji. Farasi wa Rosenthal alipanda kituo kizuri katikati ya ubao. Kitunda cha Steinitz kikasogea, farasi akaondoka. Akatua mahali pengine; kitunda kingine kikasogea, farasi akarudi nyuma karibu na mfalme wake, akakaa hapo bila kazi. Farasi huhitaji kituo kilicho karibu, mahali ambapo vitunda vya adui haviwezi kumfukuza. Askofu hahitaji, yeye hufanya kazi kwa mbali. Kwa hiyo Steinitz alitumia vitunda vyake kuvifunga vituo vyote, na vitunda hivyo hivyo vilipokuwa vikisogea vilifungua njia kwa maaskofu. Halafu vitunda vya Rosenthal vikaanza kuanguka kimoja kimoja.

Hapa yafaa nisimame kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa habari.

Faida ya maaskofu wawili haionekani leo. Vitunda vikiwa bado vimejaa katikati ya ubao, maaskofu ni kama tembo waliofungiwa zizini. Lakini vitunda huliwa, njia hufunguka, na kila kinachoondoka ubaoni huwaongezea nguvu. Kwa hiyo anayewanunua hununua mali ya baadaye, na hulipa kwa mali ya sasa. Wachimbaji wa Geita wataelewa upesi: fedha ya magogo, ya kamba na ya mafuta ya mashine hutoka mfukoni kabla ya chembe moja ya dhahabu kuonekana. Steinitz mwenyewe bei aliyozoea kulipa ilikuwa ni kubanwa. Alikubali kete zake zisongamane nyuma, akavumilia mashambulio ambayo mtu mwingine yangemkosesha usingizi, ili mwishowe awe na ubao mpana na maaskofu wake wawe hai.

Waliokuja baada yake walikwenda mbele zaidi, wakathubutu kutoa kitunda kizima kwa ajili ya maaskofu wawili. Je, ni biashara halali? Mwaka 1999 Larry Kaufman, mchezaji wa Marekani, alichunguza kwa kompyuta michezo mingi sana ya wachezaji hodari, akaona kwamba kuwa na maaskofu wawili kunaongeza kiasi cha nusu ya kitunda. Fanyeni hesabu wenyewe. Ukitoa kitunda kimoja na kupata maaskofu wawili, umerudishiwa nusu, na nusu bado unadaiwa. Lazima nusu hiyo uipate kwingine: labda kete zako zimetoka nje mapema kuliko za mwenzio, labda mfalme wake yu wazi, labda vitunda vyake vimevunjika. Ukiipata, umefanya biashara nzuri. Usipoipata, umetupa kitunda. Kadhalika kuna wanaotoa ngome yenye tano, wakapata askofu wa adui na kitunda juu yake, yaani nne. Wakibaki na maaskofu wao wawili hali adui amevunjiwa jozi yake, ile nusu huingia hesabuni, na pengo huwa dogo mno. Wanafunzi wetu wanaosema kwamba hesabu haina kazi nje ya darasa waitazame hii.

Tumrudie Steinitz. Ushindi wa Vienna haukumletea mapenzi ya watu. Wengi walisema mchezo wake mpya unachosha, na wengine wakauita wa woga. Yeye alikuwa mwandishi wa ukurasa wa sataranji katika gazeti la The Field la London tangu 1873 hadi 1882, na humo alieleza mawazo yake na kuwajibu waliompinga, bila kupunguza makali. Ulimi wake, kwa kweli, ulimgharimu kuliko kosa lolote la ubaoni. Alikuwa mtu wa kugombana. Mashindano aliyaacha kwa miaka tisa, isipokuwa mapambano machache. Katika moja, mwaka 1876, alimshinda Blackburne michezo saba kwa sifuri. Watu waliomcheka wakapata la kufikiri, lakini hawakumpenda zaidi.

Mwaka 1883, katika mashindano ya London, Johannes Zukertort alichukua nafasi ya kwanza kwa pointi 22, na Steinitz akawa wa pili kwa 19. Wakati huo wawili hawa walikuwa mahasimu wa miaka mingi, kila mmoja akimwandika mwenziwe vibaya magazetini. Mwaka huo huo Steinitz alihamia Marekani, na huko, mwaka 1886, wakakutana kuamua nani ni bingwa wa dunia. Masharti yalikuwa kwamba atakayetangulia kushinda michezo 10 ndiye bingwa, na kila upande uliweka dola 2,000. Michezo mitano ya kwanza ilichezwa New York, na ilipokwisha Zukertort alikuwa na ushindi 4, Steinitz 1 tu. Rafiki zake walikata tamaa. Lakini kule St. Louis walipocheza michezo minne, Steinitz akafikia 4 kwa 4. Kisha wakaenda New Orleans, na huko Zukertort akachoka mwili na akili. Tarehe 29 Machi Steinitz alipata ushindi wa kumi. Alikuwa amepoteza 5, na sare zilikuwa 5. Huyu ndiye anayehesabiwa mpaka leo kuwa bingwa wa kwanza wa dunia.

Aliushika ubingwa kwa miaka minane, akawa raia wa Marekani mwaka 1888, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha mafundisho. Katika miaka hiyo mpinzani wake mkubwa alikuwa Mikhail Chigorin wa Urusi, mtu aliyewapenda farasi na mashambulio, na ambaye hakukubali hata kidogo kwamba maaskofu wawili wana ubora wa daima. Walipambana Havana, Kuba, mwaka 1889, na tena 1892. Mara zote mbili Steinitz alishinda, ingawa nalazimika kusema kwamba ukaidi wake ulimponza sana njiani. Alikuwa na namna moja ya kujilinda kwa kumtoa malkia mapema, ambayo Chigorin aliipiga tena na tena, naye aliirudia tena na tena kwa kuwa aliamini kwamba nadharia iko upande wake. Mtu aliyewafundisha wengine kupima, hapo hakupima.

Pambano la 1892 liliisha kwa namna ya ajabu. Steinitz alikuwa na ushindi 9, Chigorin 8. Katika mchezo wa 23 Chigorin alikuwa amezidi kwa kete moja kubwa, na kila mtu ukumbini aliamini kwamba wangekuwa 9 kwa 9. Ngome mbili za Steinitz zilikuwa zimesimama karibu na mfalme mweupe, na kilichozizuia ni askofu mmoja tu wa Chigorin aliyeulinda kwa mbali mraba ulio mbele ya mfalme huyo. Chigorin akamshika askofu huyo, akamsogeza mahali pengine. Ngome ikaingia, na hatua ya pili mfalme angefungwa. Basi ikawa 10 kwa 8. Sataranji ina mizaha yake: aliyewadharau maaskofu aliangushwa na askofu aliyeondoka zamu.

Lakini miaka hiyo Steinitz alipata misiba. Binti yake Flora alifariki mwaka 1888 akiwa na miaka 21, na mama yake binti huyo akafuata mwaka 1892. Mwaka 1894 kijana Emanuel Lasker wa Ujerumani, mwenye miaka 25, alimvua ubingwa kwa ushindi 10 dhidi ya 5. Mzee alikuwa na miaka 58.

Hata hivyo alikuwa bado na jambo la kuonyesha. Mwaka 1895, katika mashindano ya Hastings huko Uingereza, alicheza na Curt von Bardeleben. Maaskofu wote wanne walikuwa wamekwisha kutoka ubaoni kabla ya hatua ya 14, na Steinitz mwenyewe ndiye aliyeanza, kwa kumtoa askofu wake akamla farasi. Kisha akatoa kitunda cha katikati, bure kwa macho ya mtu asiyejua, ili mraba kilipokaa uwe wazi na farasi wake apite hapo. Ninyi mlioanza kudhani kwamba alikuwa mtumwa wa maaskofu, hapo angalieni. Farasi alipita, ngome yake ikaingia mpaka mbele ya mfalme mweusi, ikasimama hapo mahali ambapo ingeweza kuliwa, na yeyote ambaye angeila angeangamia. Bardeleben alitazama, akainuka, akatoka ukumbini bila kusema lolote, akaacha saa yake iende mpaka muda ukaisha. Steinitz akawaonyesha waliokuwapo jinsi mfalme ambavyo angefungwa, hatua kwa hatua.

Mwisho wake ni wa huzuni. Alitaka marudiano na Lasker, wakacheza Moscow mwaka 1896 hadi 1897, akashindwa vibaya, 10 kwa 2. Mara baada ya hapo akili yake ilipatwa na maradhi, akawekwa hospitalini Moscow kwa muda wa siku 40 hivi, na inasimuliwa kwamba humo alicheza sataranji na wagonjwa wenziwe. Alipona, akarudi New York, akaendelea kushindana kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kulisha mke wake wa pili na watoto wao wawili. London mwaka 1899 alitoka bila zawadi, jambo ambalo halikuwahi kumpata katika mashindano tangu 1859. Tarehe 12 Agosti 1900 alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili katika kisiwa cha Ward, New York. Hakuacha mali. Amezikwa katika makaburi ya Evergreens, Brooklyn.

Lasker alikaa na ubingwa hata 1921. Baadaye alitoa kitabu chake kikubwa cha sataranji, na sehemu ndefu ya kitabu hicho aliitumia kueleza, kwa subira na kwa heshima, mawazo ya mzee yule aliyemshinda mara mbili.